JINO LIKIUMA, SI LAZIMA KUNG'OA
(Mazungumzo ya mganga wa meno na wanakisomo)



Leo tuzungumze juu ya jino linalouma. Wengi wetu tunajua dawa moja tu: kung'oa. Lakini ipo njia nyingine. Jino lililooza mpaka ndani linaweza kutibiwa, nalo likabaki kinywani. Kazi hiyo ni matibabu ya mzizi wa jino.

Jino lina nini ndani?

Mtu mzima akiwa na meno yote ana 32. Kwa nje jino ni gumu kuliko mfupa. Kwa ndani lina uwazi kama mwanzi. Humo mna nyama laini, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Uwazi huo unashuka mpaka kwenye ncha ya mzizi, ndani ya taya. Jino la mbele kwa kawaida lina njia moja. Gego huwa na njia tatu au nne.

Wapo wanaosema jino hutobolewa na funza. Si kweli. Vijidudu visivyoonekana kwa macho hula sukari iliyobaki kwenye meno. Kisha hutoa asidi, yaani uchachu mkali unaoyeyusha jino polepole. Mwanzo ni tundu dogo. Likizibwa hapo, mambo yamekwisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta! Tundu likiachwa, vijidudu hufika kwenye fahamu. Ndipo mtu halali usiku.

Je, maumivu yakikoma yenyewe?

Mtu ameteseka wiki nzima, kisha maumivu yanakoma. Anafurahi, anarudi shamba. Angalieni sana! Mara nyingi jino halikupona. Fahamu zake zimekufa, na mfu hasikii maumivu. Lakini vijidudu bado vimo. Usaha hujikusanya kwenye ncha ya mzizi, na siku moja shavu linavimba.

Vidonge vya kuua vijidudu peke yake haviponyi jino hilo. Damu haifiki tena ndani yake, basi dawa nayo haifiki.

Daktari atafanya nini?

1. Atapiga picha ya eksirei ili aone mizizi.

2. Atakuchoma sindano ya ganzi. Mdomo utakuwa mzito. Ukisikia maumivu wakati wa kazi, inua mkono. Ataongeza ganzi.

3. Mara nyingi atalizungushia jino mpira mwembamba ili mate yasiingie. Wewe pumua kwa pua.

4. Atatoboa jino na kutoa nyama iliyooza kwa vyuma vyembamba kama sindano. Kisha ataosha njia zote kwa dawa.

5. Njia zikiwa safi na kavu, atazijaza kitu mfano wa mpira, halafu ataziba juu. Gego mara nyingi huvishwa kofia ngumu, maana jino la namna hii huvunjika upesi.

Kila safari huweza kuchukua saa moja au zaidi. Pengine utakwenda mara moja, pengine mara mbili au tatu. Usiache njiani kwa sababu maumivu yamekwisha. Dawa ya muda ikitoka, uchafu huingia tena na kazi yote inapotea.

Ukirudi nyumbani

Usile mpaka ganzi iishe, usije ukajing'ata mdomo. Kwa siku chache jino linaweza kuuma ukitafuna. Meza dawa ya maumivu kama ulivyoelezwa. Usitafune muwa, mifupa wala mahindi makavu upande huo mpaka jino limalizwe. Maumivu yakizidi au uvimbe ukitokea, rudi kwa daktari.

Gharama je?

Niseme kweli. Matibabu haya ni ghali kuliko kung'oa, na zahanati nyingi hazina vifaa vyake. Ulizia hospitali ya wilaya au ya mkoa. Kabla ya kuanza, uliza bei ya kazi yote, pamoja na kofia. Tena si kila jino hutibika. Lililovunjika mpaka chini ya fizi, au linalocheza sana, huenda likabidi kung'olewa. Kung'oa si aibu. Lakini ujue kuwa jino la mtu mzima halioti tena. Meno ya jirani huweza kuinamia pengo, na kutafuna kukawa taabu. Amua ukiwa unajua.

Jambo la hatari

Usitie maji ya betri wala mafuta ya taa kwenye tundu. Yataunguza kinywa na hayataponya jino. Na ukiona uvimbe chini ya taya, pamoja na homa, au mtu anashindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri, usingoje kuche. Mpeleke hospitali saa ile ile. Uvimbe wa jino unaweza kuziba koo na kuua.

Ndugu zangu, pigeni mswaki asubuhi na kabla ya kulala. Punguzeni vitu vitamu, hasa kwa watoto. Na ukiona tundu dogo, nenda siku hizo hizo, likiwa bado halijauma.

Sasa nangoja maswali yenu.