MBU WA KATIKA PIPA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Mombasa)

Ndugu wanachama,

Tumezoea kuzungumza hapa juu ya mishahara na saa za kazi. Leo tutazungumza juu ya mbu, wala msidhani kwamba tumeacha habari ya mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanya kazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo kwa mwajiri wake siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku 7 kwa nusu mshahara, katika mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Kibarua wa siku hupata nini? Akilala na homa juma moja, juma hilo nyumbani hakuna unga.

Mbu wa usiku, yule wa malaria, twamjua, na kwa ajili yake twalala ndani ya chandarua. Desturi hiyo ni njema, tusiiache. Lakini hapa Mombasa yuko mwingine, mweusi, mwenye madoa meupe miguuni. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya jua kuchwa, wakati sisi tuko kazini na watoto wako uani. Ndiye aletaye homa ya dengi, ambayo wengine huiita kidingapopo, na chikungunya, jina lililotoka katika lugha ya Kimakonde, lenye maana ya kujikunja kwa maumivu. Dengi ilienea Mombasa mwaka 2013 na 2014, ikarudi mwaka 2017 na 2021. Chikungunya ilipiga Lamu mwaka 2004, ikaingia Mombasa mwishoni mwa 2017 na kuendelea mwaka 2018. Waliopatwa nayo wajua jinsi viungo viwezavyo kuuma hata baada ya homa kuondoka.

Dawa ya malaria haiponyi homa hizi. Mtu akishikwa na homa asikimbilie kununua vidonge dukani. Aende zahanati apimwe damu. Na mpaka ijulikane kwamba si dengi, asimeze aspirini, kwani yaweza kuzidisha kutoka damu.

Mbu huyu hatoki mbali. Hupenda maji yaliyotulia karibu na watu, hata yakiwa safi. Nasi twaweka maji kwa sababu gani? Kwa sababu mfereji hautoi kila siku. Maji yakija twajaza mapipa na mitungi. Yasipokuja twanunua kwa mwenye mkokoteni. Mbu jike hutaga mayai ubavuni mwa pipa, juu kidogo ya maji. Maji yakipanda, mayai huanguliwa yakawa viluwiluwi, na kwa joto letu, baada ya siku 7 hadi 10 hivi, mbu wazima huruka. Mayai yakikauka huweza kukaa miezi kadhaa yakiwa hai. Ndiyo sababu kumwaga maji peke yake hakutoshi.

Basi na tufanye hivi:

1. Kila pipa lifunikwe sawasawa kwa kifuniko, au kwa kitambaa kizito kilichofungwa kwa kamba.

2. Mara moja kila juma pipa lisuguliwe ndani kwa brashi. Maji yaliyobaki yasitupwe bure, yafulie nguo.

3. Mikebe, vifuu, madafu yaliyokwisha kunywewa na tairi kuukuu zisiachwe nje zikakinga mvua.

4. Mgonjwa wa homa alale ndani ya chandarua hata mchana, mbu asije akamuuma yeye kisha akamuuma jirani.

Tuchague siku moja ya kazi hii kwa nyumba zote za uani. Mwenzetu akisugua pipa lake na jirani asisugue, mbu wa jirani watakuja kwake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini mtu asituambie kwamba kosa ni la mama wa nyumbani peke yake. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ina sehemu nzima juu ya mbu, na maji yenye viluwiluwi huhesabiwa humo kuwa ni kero. Tangi lisilo na kifuniko na shimo la choo lililo wazi ni juu ya mwenye nyumba kuyatengeneza. Na pale mwajiri anapotoa nyumba, Sheria ya Ajira yamtaka atoe maji safi ya kutosha karibu nazo.

Kwa hiyo kila mwakilishi wa wafanya kazi azunguke nyumba za watu wake, aandike palipo na tangi wazi na mfereji mkavu, alete orodha ofisini kwetu. Sisi tutaipeleka kwa wanaohusika na kudai majibu kwa maandishi. Maji yakitoka mferejini kila siku, mapipa yatapungua, na mbu hawa watapungua pia. Mpaka siku hiyo, brashi mkononi, ndugu zetu.

Umoja ni nguvu.