Mshauri Nasaha Naye Aujue Ubongo
(Mazungumzo kwa wakazi wa Nanighi)



Chukueni mfano wa kijana aliyeanguka na bodaboda. Alizimia, akazinduka, sasa anatembea na kula vizuri. Baada ya mwezi mama yake analia: "Huyu si mwanangu." Aliyekuwa mpole anatukana wakubwa na kuuza mbuzi bila kuuliza. Mtaani watasema bangi, au jini. Mwanasaikolojia asiyeujua ubongo atakosea vilevile, ila kwa maneno ya kisomi: atatafuta ugomvi wa nyumbani, wiki baada ya wiki.

Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo breki ya mtu. Mwaka 1848 huko Vermont, Marekani, msimamizi wa vibarua wa reli, Phineas Gage, alipenywa na chuma mahali hapo. Aliishi zaidi ya miaka 11 baadaye, lakini waliomfahamu walisema amekuwa mtu mwingine.

Ubavuni, usawa wa masikio, ndiko kwenye hipokampasi, inayotunza kumbukumbu. Jirani yake ni amigdala, ndogo kama lozi, inayopiga kengele ya hatari. Mtoto aliyekimbia mafuriko ya Tana usiku, akatetemeka kila mvua inapoanza, kengele yake haijanyamaza. Huyo mazungumzo humsaidia sana.

Ila ubavu huohuo huweza kuleta kifafa kisichoangusha mtu. Hukodoa macho, hutafunatafuna, hunusa harufu isiyokuwepo, kisha hakumbuki. Ni rahisi kusema amepandwa. Watafiti wa Kilifi wameonyesha kwamba malaria kali ya utotoni huweza kuacha kifafa nyuma yake. Dawa zipo, na si ghali kama watu wanavyodhani. Aanze kwa daktari; mshauri amsaidie na aibu na woga, maana navyo ni mzigo.

Mtu aliyegonga kichwa akitapika, akilegea mkono mmoja, au akisinzia kusiko kwa kawaida, asingojee siku ya ushauri. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Na mkienda kwa mshauri, mwambieni mapema: mgonjwa aliwahi kuanguka? Kuzimia? Kupoteza fahamu kwa malaria akiwa mdogo? Semeni hata kama ni miaka kumi iliyopita, na hata asipouliza.