Baisikeli, Maboma ya Kale na Daftari la Chama

Mazungumzo kwa wajumbe wa vyama vya msingi vya ushirika vya pwani ya Mtwara

Katika mkoa wa Mtwara baisikeli si kitu kigeni. Kabla pikipiki hazijaenea, mkulima aliyepata malipo mazuri ya korosho aghalabu alinunua kwanza bati la nyumba, kisha baisikeli. Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya China, na Swala iliyotengenezwa Dar es Salaam zilibeba magunia hadi ghala la chama, samaki hadi sokoni, madumu ya maji hadi nyumbani, na mgonjwa hadi zahanati. Kwa hiyo mtu akisema kwamba baisikeli yaweza kuleta fedha kijijini, wazee hawatashangaa. Jambo jipya ni hili: wako watu wanaolipa fedha ili waendeshe baisikeli bila kubeba mzigo wowote.

Watu hao hutumia baisikeli ziitwazo za mlimani. Zilianza Marekani, katika jimbo la California, katika miaka ya 1970, pale vijana walipoimarisha baisikeli kuukuu na kuteremka nazo njia za milimani. Zina matairi mapana yenye meno, fremu imara, breki kali na giya nyingi, na zaweza kupita kwenye mawe na mchanga ambapo baisikeli ya kawaida hushindwa. Mwaka 1996 mchezo huo uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Atlanta. Hata hivyo, wengi wanaozipenda si washindani. Ni watu wazima wanaotaka kuiona nchi polepole.

Ufaransa ni mfano mzuri. Kando ya mto Loire ipo njia ya baisikeli yenye urefu upatao kilomita 900, ipitayo vijiji vya kale na ngome za wafalme na makabaila. Faida yake kwa wanavijiji haitokani na uzuri wa ngome peke yake. Inatokana na mwendo wa mgeni. Mtu wa gari hupita vijiji kumi asisimame hata kimoja. Mtu wa baisikeli hushikwa na kiu, huona njaa, hupata pancha, huchoka jua likizama. Kila kimojawapo cha hivyo humfanya atoe fedha mahali alipo, tena kwa mtu mdogo: muuza madafu, mama lishe, fundi, mwenye chumba cha kulala.

Yafaa basi kuuliza: pwani ya Mtwara ina nini cha kumwonyesha mgeni wa namna hiyo?

Kwanza ipo Mikindani, kilomita zipatazo 10 kutoka Mtwara mjini, kwa barabara ya lami inayopakana na ghuba. Huu ni mji wa Waswahili wenye umri mkubwa kuliko Mtwara yenyewe. Mtwara ilikuzwa na mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951, ukaacha bandari, na reli ya kwenda Nachingwea iliyong'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mikindani ilikuwapo ikifanya biashara na Unguja na bara karne nyingi kabla ya hayo. Nyumba zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake kwa boriti za mikoko, na baadhi yake zina milango ya nakshi na roshani za mbao. Mwezi Machi mwaka 1866 David Livingstone aliteremka hapo kuanza safari yake ya mwisho, akapanda bara kufuata bonde la Ruvuma, asirudi tena pwani akiwa hai.

Juu ya mji limesimama boma jeupe la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1895. Boma hilo lilikaribia kuwa gofu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 lilikarabatiwa na shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid, likafanywa hoteli, na vijana wa Mikindani wakafundishwa humo kazi ya kuhudumia wageni. Chini yake, karibu na maji, lipo jengo linalojulikana kama Soko la Watumwa. Kiongozi wa wageni hana budi kuyaeleza mambo hayo kwa ukweli: kwamba pwani hii ilipokea misafara ya pembe na ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na kwamba boma zuri lilikuwa nyumba ya kutawalia watu. Mgeni hapungukiwi kitu kwa kuambiwa kweli. Anayepungukiwa ni mwenyeji asiyeijua.

Pili ipo njia ya kusini-mashariki, kupitia Mangamba na Madimba hadi Msimbati, kilomita zipatazo 45. Humo mna mikorosho, minazi, mibuyu na mchanga mzito. Mwisho wake ni pwani nyeupe iliyomo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ambako mgeni hulipa kiingilio cha hifadhi.

Tatu ni uwanda wa Makonde hadi Newala, wenye boma lake la Kijerumani na ukingo uitwao Shimo la Mungu, ambapo mtu husimama akalitazama bonde la Ruvuma chini yake. Njia hiyo ni ya wenye nguvu. Juu ya uwanda mvua huzama upesi mchangani na maji huwa ya shida, kwa hiyo chama chenye tangi la maji safi njiani tayari kina kitu cha kuuza.

Ndugu Wajumbe, ipo sababu moja kubwa ya jambo hili kuhusu vyama vya korosho. Mvua za kusini huanza mnamo Novemba au Desemba na kwisha mnamo Aprili au Mei. Msimu mwema wa baisikeli ni kuanzia Juni hadi Oktoba. Miezi hiyohiyo ndiyo mkulima anapopalilia na kupulizia salfa, akiwa na matumizi mengi na mfuko mtupu, kwa maana fedha za mnada hazijafika. Wakati huo ndipo wengine huuza korosho zikingali mauani, kwa bei ya kutupa, kwa mtu asiye na stakabadhi wala huruma. Shilingi chache zinazoingia mwezi Julai zina uzito kuliko nyingi zinazoingia Desemba. Fedha za mgeni hazitachukua nafasi ya korosho, lakini zaweza kumzuia mwanachama asiuze jasho lake kabla halijakauka.

Hata hivyo, mali ya biashara hii inabomoka. Nyumba za kale za Mikindani huanguka moja baada ya nyingine. Mvua huingia paani, boriti huoza, ukuta huinama, na majirani huyachukua mawe yake kujengea msingi. Wengine huziba nyufa kwa saruji, na saruji huzuia unyevu usitoke, chokaa ya ndani ikazidi kulegea. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye huhitaji tangazo maalumu. Kwa hiyo nyumba nyingi zitalindwa na wenyeji au hazitalindwa na mtu. Mgeni hatapanda baisikeli kilomita 10 kutazama kifusi.

Chama cha msingi chawezaje kuanza? Kwanza, kisome masharti yake. Ikiwa hayaruhusu kazi hiyo, mkutano mkuu uyarekebishe na Mrajis ayasajili marekebisho hayo kabla ya senti moja kutumika. Pili, kianze kwa udogo. Ichukuliwe kwa mfano kwamba chama kina baisikeli nne, kila moja hukodishwa kwa shilingi 15,000 kwa siku, na kwamba zinatoka siku 60 tu katika msimu. Mapato ni shilingi 3,600,000. Theluthi moja iwekwe kwa ajili ya matairi, minyororo, breki na fundi. Theluthi ya pili iwe akiba ya kununulia baisikeli mpya, kwani mchanga na chumvi ya bahari haviihurumii chuma. Theluthi iliyobaki, yaani shilingi 1,200,000, ndiyo ziada ambayo mkutano mkuu waweza kuijadili. Anayeyaita mapato yote faida ataamka mwaka wa tatu akiwa na vyuma chakavu vinne.

Tatu, kila baisikeli iwe na namba, na kila safari iwe na stakabadhi. Chanzo cha kuanguka kwa miradi ya namna hii hujulikana kabla ya mkaguzi kufika: baisikeli ya chama huazimwa na mjumbe kwenda arusini, kesho na mpwa wake kwenda gulioni, na hakuna anayeandika. Nne, viongozi wa safari wawe vijana wa hapohapo waliofunzwa historia, huduma ya kwanza na kuziba pancha. Wawaeleze wageni mapema juu ya mavazi ya heshima, juu ya kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha, na juu ya adabu ya mwezi wa Ramadhani.

Tano, usalama usifanyiwe mzaha. Tangu mwaka 2017 jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, limekumbwa na mapigano, na mwezi Oktoba mwaka 2020 kijiji cha Kitaya, upande wa Tanzania, kilishambuliwa na watu wakauawa. Mgeni asipelekwe kandokando ya mto bila idhini ya serikali ya kijiji na polisi. Chama chenye busara kitaanza na Mikindani, kitafuata Msimbati kwa ushauri wa wenye mamlaka, na Newala itangoja.

Mpango wa karanga uliletwa na matrekta mengi na fedha nyingi, lakini udongo na mvua havikuulizwa kwanza. Reli yake haipo tena. Baisikeli nne ni kitu kidogo, na kwa sababu ni kitu kidogo, wanachama waweza kuzihesabu wenyewe kila jioni. Wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wajumbe watakaporudi vyamani, walifungue daftari kwanza, ndipo waagize baisikeli.