Katibu na Mizani Yake: Amri Chache za Kompyuta Zifaazo Ofisi ya Chama

Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya Makatibu, Wajumbe wa Bodi na Wanachama wa vyama vya msingi, Usagara, Wilaya ya Misungwi



Tuko hapa Usagara, kwenye njia panda ya kwenda Shinyanga na Sengerema. Ndugu zetu waliotoka ng'ambo ya pili wamefika mapema leo, kwa kuwa tangu Juni 2025 wanavuka kwa Daraja la Kigongo–Busisi na hawasubiri tena kivuko. Njia ya magari imenyooka. Mimi nataka kuzungumzia njia nyingine, ile ya taarifa, itokayo kwenye kompyuta ya chama kwenda benki, Chama Kikuu, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Njia hiyo nayo hukatika. Ikikatika katikati ya msimu wa pamba, wakulima hukaa barazani tangu asubuhi, naye katibu hana la kuwaambia ila maneno mawili: "Mtandao hakuna."

Ndugu zangu, maneno hayo mawili yana hatari. Mwanachama anayeyasikia leo, na kesho, na keshokutwa, hana namna ya kujua kama mtandao umekatika kweli au fedha yake imeliwa. Mara nyingi katibu mwenyewe hajui. Humwita fundi kutoka mjini, fundi hulipwa nauli na ujira, akachomeka waya uliolegea, akaondoka. Fedha hiyo ni ya wanachama.

Yafaa tukumbuke kwamba ushirika wa kanda hii ulizaliwa kwenye mizani. Wazee wetu walichoka kupunjwa na wanunuzi wa pamba, ambao walipima wao, wakasoma wao, wakaandika wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima, wakiongozwa na Paul Bomani na wenzake, waliunda vyama vyao, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Fundisho lao lilikuwa jepesi: anayeuza hana budi kuweza kusoma mizani mwenyewe. Leo nawaleteeni mizani ndogo ya kompyuta. Haigharimu hata shilingi moja, kwa maana imo tayari ndani ya mashine mliyo nayo.

DIRISHA JEUSI

Kabla ya kompyuta kuwa na picha za kubofya, mtu aliiamuru kwa maneno ya kuandika. Maneno hayo hayajafutwa. Yamewekwa pembeni tu. Katika kompyuta zitumiazo Windows, ambazo ndizo nyingi katika vyama vyetu, shikilia kitufe chenye alama ya Windows, bonyeza herufi R, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha jeusi lenye mstari unaosubiri. Kila amri huandikwa pale, ikafuatiwa na Enter. Msiliogope dirisha hili. Amri nyingi nitakazozitaja husoma hali tu, wala hazibadilishi kitu. Zile zinazobadilisha nitazisema.

KUJUA NJIA IMEKATIKA WAPI

Fundi mzuri wa bomba hakimbilii kuchimba barabara. Huanza na bomba la jikoni, akatoka nje kwenye mita, kisha akaenda kwenye bomba kuu. Nasi tufuate utaratibu huo.

Hatua ya kwanza, andika:

ipconfig

Yatatokea maandishi mengi. Ninyi tafuteni mistari miwili. Mmoja ni IPv4 Address, yaani anwani ya kompyuta yenu. Wa pili ni Default Gateway, yaani anwani ya ruta, ambayo ndiyo mlango wa kutokea nje. Anwani ya kompyuta ikianza na 169.254, maana yake ruta haikuipa kompyuta anwani. Tazameni kama ruta ina umeme na kama waya umekaa barabara. Msinunue bando kwanza. Bando halina kosa.

Hatua ya pili, ipigieni hodi ruta kwa anwani mliyoiona. Kwa mfano:

ping 192.168.1.1

Amri hii ilitungwa Desemba 1983 na Mmarekani Mike Muuss, akaiita kwa mlio wa chombo cha kupima kwa mwangwi chini ya maji. Kazi yake ni hiyo hiyo: hutuma sauti na kusikiliza mwangwi. Ikijibiwa mtaona neno Reply mara nne, pamoja na muda wa kila jibu. Yakitokea maneno Request timed out, mlango haukuitika. Ruta ikijibu, basi ndani ya ofisi hamna ubovu.

Hatua ya tatu, pigeni hodi mbali:

ping 8.8.8.8

Hii ni anwani ya kampuni ya Google, nayo huitika mchana na usiku. Ruta ikijibu na hii isijibu, kasoro iko kati ya ruta na kampuni ya simu, au bando limekwisha. Hapo ndipo pa kutazama salio na kuipigia kampuni. Fundi wa kompyuta hana kazi hapo.

Hatua ya nne, ulizeni jina:

nslookup ushirika.go.tz

Kompyuta hazijuani kwa majina bali kwa tarakimu, na kuna daftari la kubadilisha jina kuwa tarakimu, kama kitabu cha simu cha zamani. Ikiwa hatua ya tatu imejibiwa na hii imeshindwa, kasoro imo katika daftari hilo. Andikeni ipconfig /flushdns ili kompyuta isahau majina ya zamani iliyoyahifadhi, kisha jaribuni tena kufungua mfumo mnaoutaka.

Hatua zote nne zikiwa sawa na mfumo mnaoutaka bado haufunguki, yaelekea kasoro iko kwa wenye mfumo. Lakini mjihadhari na jambo moja: mitambo mingine imewekwa makusudi isiitikie ping. Ukimya wa mtambo mmoja si ushahidi kamili.

Sasa kumbukumbu. Katibu mwangalifu huandika matokeo, na kompyuta yaweza kumwandikia:

echo %date% %time% >> mtandao.txt
ping 8.8.8.8 >> mtandao.txt

Alama mbili za mshale huongeza maandishi chini ya yale ya jana. Mkiweka mshale mmoja, ya jana yatafutika. Baada ya wiki mbili mtakuwa na faili lenye tarehe, saa na majibu. Bodi ikiuliza kwa nini malipo ya Jumanne yalifanyika Alhamisi, katibu atafungua faili hilo mbele ya wote.

KULINDA VITABU VYA CHAMA

Wazee waliomo humu wanaukumbuka mwaka 1976, vyama vya ushirika vilipovunjwa. Vilirudi baada ya Sheria ya Ushirika ya mwaka 1982. Chama chaweza kuvunjwa na kikarudi. Rejista ya wanachama na hesabu za madeni zikipotea, hazirudi kwa sheria yoyote. Siku hizi vitabu hivyo vimo ndani ya kompyuta moja, juu ya meza moja, katika ofisi yenye kufuli moja.

Kila jioni ya siku ya manunuzi, chomekeni flashi na kuandika:

robocopy C:\Hesabu E:\Hesabu /E

Hapa nachukulia kwamba kazi zenu zimo katika folda iitwayo Hesabu, na flashi imepewa herufi E. Ikiwa imepewa D au F, badilisheni. Amri hii hunakili faili mpya na zilizobadilika tu, kwa hiyo haichelewi. Mwishoni huonyesha jedwali; tazameni safu ya Failed, nayo lazima iwe 0. Flashi hiyo isilale ofisini. Apewe mhasibu au mjumbe mwingine, na asaini daftari.

Mtu akiwashauri muongeze neno /MIR, mkatae hadi mwelewe. Neno hilo hufuta katika folda ya Hesabu ya flashi kila kitu kisichokuwamo katika folda ya Hesabu ya kompyuta. Mtu akiwa amefuta rejista kwa bahati mbaya mchana, jioni nakala yake nayo itafutika.

Ili kujua kama nakala ni sawa na asili, andikeni:

fc /b C:\Hesabu\rejista.xlsx E:\Hesabu\rejista.xlsx

Yakija maneno no differences encountered, faili mbili ni sawa hadi nukta ya mwisho. Yakija mafuriko ya tarakimu, zinatofautiana. Bonyezeni Ctrl pamoja na C ili yakome. Tofauti hiyo isiwe sababu ya kumshitaki mtu papo hapo, kwani hata kufungua faili na kulihifadhi upya huleta tofauti. Ni sababu ya kuuliza: nani alilifungua, lini, na kwa kazi gani?

Kuna balaa jingine mnalolijua. Flashi imepelekwa stesheneri kuchapisha, ikirudi faili hazionekani, zimebaki alama za njia ya mkato tu. Wengi hukata tamaa wakaisafisha flashi yote. Msifanye hivyo! Mara nyingi kirusi kimezificha tu. Msibofye alama zile, andikeni:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri hii hubadilisha: huyaondolea mafaili pazia. Yakitokea, yanakilini mahali salama, kisha mchunguze flashi kwa programu ya kuua virusi.

TAHADHARI

La kwanza, amri del hufuta moja kwa moja. Faili haliendi kwenye kapu la takataka ambamo lingeweza kuokotwa. Amri format husafisha chombo kizima. Mbili hizi asiziandike mtu aliye peke yake ofisini.

La pili, mtu akipiga simu na kujitambulisha kuwa ni wa benki, au wa kampuni ya simu, au hata wa ukaguzi, akawaambia mfungue dirisha jeusi na kuandika anayoyataja, kateni simu. Mkaguzi wa kweli huja na barua.

La tatu, elimu hii isikae kwa katibu mmoja. Iandikwe kwenye karatasi, ibandikwe ukutani karibu na kompyuta, na wajifunze watu wawili au watatu, akiwamo kijana mmoja wa wanachama. Katibu akiugua au akihama, chama kisihame naye.

Ndugu Wanachama, msimu ujao mkiambiwa "mtandao hakuna", mna haki ya kuuliza kwa upole: "Umekatika wapi, Ndugu Katibu?" Nanyi Makatibu, msichukie swali hilo. Geuzeni kioo cha kompyuta waone, mpige hodi hatua kwa hatua mbele yao. Mkulima aliyeona mwenyewe kwamba ruta imejibu na kampuni ya simu haikujibu, atarudi nyumbani akingoja kesho bila kunung'unika.

 Umoja ni nguvu.