Ujirani Mwema katika Nyumba za Kupanga: Mfano wa Kigoma na Ujiji

(Maelezo ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Anayepanga chumba hulipia kuta nne na mlango. Jirani hatajwi katika mkataba wa kodi, lakini mara nyingi ndiye anayeamua kama mpangaji atalala usiku au atakesha. Ugomvi wa kelele na harufu upo Michenzani, upo Dar es Salaam, na upo katika kila mji ambao watu wengi wanakaa chini ya paa moja. Mazungumzo haya yanachukua mfano wa Kigoma na Ujiji, kandokando ya Ziwa Tanganyika, kwa kuwa huko jambo hili huonekana waziwazi: kinachomuudhi mmoja ndicho kinachomlisha mwenziwe.

Ujiji ni mji mkongwe wa biashara, uliounganishwa na pwani kwa njia za misafara. Ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Kigoma ilikua zaidi baada ya Reli ya Kati kufika ziwani mwaka 1914, na sasa miji hiyo miwili imo katika Manispaa moja. Nyumba nyingi za huko ni za mtindo wa Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma wenye jiko na choo. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia moja hupangishwa chumba kimoja kimoja kwa familia kadhaa. Pasipokuwa na dari, redio ya chumba cha mbele husikika hadi chumba cha mwisho, na moshi wa jiko moja huingia katika vyumba vyote.

Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku, kwa taa zinazowavuta samaki juu ya maji. Wavuvi hutoka jioni katika siku za giza la mwezi, hurudi alfajiri, na siku za mbalamwezi hupumzika. Wachuuzi huwapokea katika mialo kama Kibirizi na Katonga. Dagaa ni samaki mdogo, huharibika kwa saa chache. Asipoanikwa siku ile ile, mtaji umepotea. Hivyo mvuvi hulala mchana wakati watoto wanacheza uani, na mchuuzi huamka na ndoo zake kabla hakujapambazuka, wakati wengine wamo usingizini.

Ichukuliwe nyumba moja ya kupanga. Chumba kimoja anakaa muuguzi wa zamu ya usiku. Cha pili anakaa mama mchuuzi wa dagaa mwenye watoto wanaosoma. Cha tatu kijana mwenye spika kubwa. Muuguzi asiyelala mchana ataingia zamu akiwa amechoka, naye ndiye atakayepima dawa ya mgonjwa. Mama akizuiwa kuanika, ada na chakula cha watoto vimekatika. Wote wawili wana haki, wala hakuna mkorofi baina yao. Ugomvi huzaliwa pale kila mmoja anapodhani kwamba mwenziwe anafanya kusudi.

Harufu, kwa sehemu kubwa, hutokana na namna ya kuanika. Dagaa aliyetandazwa juu ya mchanga hukauka polepole, huchanganyika na uchafu, na mvua ikinyesha huoza. Dagaa aliyewekwa juu ya kichanja cha wavu kilichoinuliwa hupitiwa na hewa juu na chini, hukauka mapema na hupata bei nzuri zaidi. Kwa upande wa Burundi wa ziwa hilo hilo, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kueneza vichanja vya namna hiyo. Kwa hiyo anayemshauri jirani yake kutumia kichanja, na kuosha ndoo kabla maji yake hayajachacha, hamfungii riziki, anamwongezea.

Kwa upande wa sheria, Tanzania Bara inayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, ambazo zinatofautisha mchana na usiku na makaazi na viwanda. Ipo pia Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, ambayo kwayo Afisa Afya anaweza kushughulikia choo kinachofurika au taka zinazooza. Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985 ililipa kila Baraza jukumu la msingi la kuleta amani na masikilizano katika eneo lake kwa njia ya usuluhishi.

Hata hivyo, sheria haifai kuwa hatua ya mwanzo. Hatua zinazofaa ni hizi:

1. Mwenye kero amwendee jirani yake kwa adabu, wakati wa utulivu. Asigonge mlango saa sita za usiku akiwa na hasira, wala asimseme mbele ya watoto wake.

2. Aeleze jambo lenyewe na saa yake. Kusema “spika inanikosesha usingizi baada ya saa nne za usiku” kunajibika. Kusema “wewe huna ustaarabu” hakujibiki.

3. Wapangaji wakae pamoja na mwenye nyumba, waweke ratiba. Katika nyumba ya Ujiji ratiba hiyo yaweza kufuata mwezi: siku za giza, asubuhi iwe kimya kwa ajili ya waliokesha ziwani, siku za mbalamwezi, muziki uruhusiwe hadi saa iliyokubaliwa. Mahali pa kuanikia pawe mbali na madirisha.

4. Makubaliano yaandikwe, hata kwa mistari mitano, na mpangaji mpya asomewe kabla ya kulipa kodi.

5. Yakishindikana hayo, shauri lipelekwe kwa Mwenyekiti wa Mtaa, kama linavyopelekwa kwa Sheha hapa Visiwani. Kisha kwa Afisa Afya au Baraza la Kata. Na mwisho Mahakamani.

Mwenye nyumba naye anao wajibu. Anayepokea kodi za vyumba sita na kuacha choo kimoja kibovu ameuza ugomvi pamoja na chumba.

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, 2024, uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaana. Vichanja vinapokuwa vitupu, harufu huondoka uani; lakini fedha nazo huondoka mifukoni, na chungu cha jirani hupungua. Hapo ndipo mtu hutambua kwamba harufu aliyokuwa akiilalamikia ilikuwa ni harufu ya kazi ya mtu. Kazi hiyo ipangiwe saa na mahali, na usingizi wa jirani uheshimiwe. Ndugu wa mbali, hata awe mwema vipi, hafiki upesi usiku wa maradhi; anayebisha hodi ni yule wa chumba cha pili.