Tuanzie Shimoni: Kuweka Mabomba ya Choo na Majitaka katika Nyumba ya Kujijengea



Mada niliyopewa inahusu mabomba yanayotoa kinyesi na maji machafu ndani ya nyumba hadi kwenye septiki na shimo la kunyonya. Nitazungumzia nyumba ya mtu wa kawaida wa Dar es Salaam na viunga vyake: Chanika, Mbagala, Goba, Kigamboni, hadi Kibaha. Ni nyumba isiyo na ghorofa, inayojengwa kidogo kidogo kila fedha inapopatikana, na msimamizi wake ni mwenye nyumba mwenyewe. Sehemu kubwa ya maeneo hayo haijafikiwa na mtandao wa majitaka wa jiji, kwa hiyo kila kiwanja kinabeba mzigo wake.

Hoja yangu ni moja. Levo ya bomba la choo inapangwa kabla ya msingi kuchimbwa, na inapangwa kwa kuanzia shimoni kurudi chooni. Tulivyozoea ni kinyume. Mtu anachimba msingi, anamwaga jamvi, anapandisha boma, anapaua, kisha boma linakaa miaka likingoja fedha za kumalizia. Siku za kuhamia zinapokaribia ndipo fundi bomba anaitwa. Anakuta jamvi limeshakuwa gumu, anapasua zege, anatoboa ukuta wa msingi, na bomba analipitisha panapopitika. Likikosa mteremko, hana la kufanya. Sakafu haishuki na septiki nayo imeshachimbwa. Nyumba kama hiyo itaita mzibuaji kila mwaka, na kosa halikuwa la fundi bomba peke yake.

Hesabu ya levo

Tuchukue mfano. Choo cha chumba kikubwa kiko pembe ya mbali ya nyumba. Kutoka hapo hadi septiki, kwa kufuata njia ya bomba, ni mita 20. Bomba ni la inchi 4, lile la milimita 110. Mteremko ninaoupendekeza ni 1 kwa 40, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita, au sentimita 15 kwa bomba zima la mita 6. Katika mita 20 bomba litashuka sentimita 50. Mwanzoni kabisa, elbo ya choo ikishazama chini ya sakafu, kitako cha bomba kinakuwa kiasi cha sentimita 30 chini ya sakafu iliyomalizika. Jumlisheni: bomba linaingia kwenye septiki likiwa sentimita 80 chini ya sakafu ya ndani.

Sasa tazameni msingi. Kama sakafu imeinuliwa sentimita 45 juu ya ardhi, bomba linaingia septiki sentimita 35 tu chini ya uwanja. Kama mwenye nyumba alibana matumizi na kuinua sentimita 15, bomba linaingia sentimita 65 chini. Septiki yenye kina cha maji cha mita 1.5 itabidi ishuke zaidi ya mita 2 kutoka juu ya ardhi, na shimo la kunyonya lianzie chini ya levo ya bomba hilo. Goba au Kibaha, kwenye miinuko, jambo hilo linabebeka. Kigamboni na mabondeni kote ambako maji ya ardhini hupanda karibu na uso wakati wa masika, septiki inachimbwa ndani ya maji, na shimo la kunyonya linageuka kisima. Tofali mbili zilizookolewa kwenye msingi zinalipwa kwa gari la kunyonya majitaka maisha yote ya nyumba.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kupiga mbao za seti, ni kujua maji yako wapi. Chimbeni shimo la majaribio pale mnapofikiria kuweka shimo la kunyonya, na mlitazame mwezi Aprili au Mei, si Septemba. Waulizeni majirani visima vyao vinajaa kufikia wapi masika. Kati ya kitako cha shimo la kunyonya na maji ya ardhini pabaki angalau mita 1.5 za udongo mkavu, na kisima kiwe umbali usiopungua mita 30. Pale ambapo maji yako juu, acheni shimo refu. Tumieni mifereji mirefu isiyo na kina, iliyojazwa kokoto. Baada ya hapo rudini nyuma na hesabu: kutoka levo ya shimo, pandeni hadi septiki, pandeni hadi chemba, pandeni hadi chooni, na levo mtakayoipata ndiyo itakayowaambia sakafu ikae juu kiasi gani.

Vifaa vya kupimia havina gharama. Mpira mwembamba unaoonyesha, uliojazwa maji bila mapovu ya hewa, unahamisha levo kutoka kona moja ya kiwanja hadi nyingine kwa usahihi wa kutosha. Vigingi na uzi vinamalizia kazi. Pima maji fupi ya fundi ujenzi haifai kwa bomba la mita 20, kwa sababu kosa dogo la kila hatua linajumlishwa hadi mwisho.

Kwa nini 1 kwa 40

Zipo kanuni za nchi nyingine zinazoruhusu mteremko mdogo zaidi, hata 1 kwa 80, kwa bomba la ukubwa huu. Sizipingi kwa nyumba zao. Zinatokana na makazi ambayo tanki la choo linajaa kila wakati na kila anayetumia choo anashusha lita 6 au zaidi kwa mara moja. Kwetu maji ya bomba yana mgao. Yakikatika, tunamwagia kwa kopo, lita 2 leo, lita 3 kesho, na nguvu ya maji hayo inaisha kabla kinyesi hakijafika chemba ya kwanza. Ongezeni mchanga wa miguuni, na mchanga unaotumika kusugulia masufuria. Bomba lenye mteremko hafifu halitoi mchanga. Unatulia chini, unafanya tuta, na kila kinachofuata kinakwama hapo.

Mafundi wengi wanaogopa zaidi mteremko mkali, wakisema maji yatatangulia na kinyesi kitabaki. Kwa bomba la inchi 4 la nyumba ya kawaida, hofu hiyo imekuzwa kupita kiasi. Mabomba mengi niliyoyaona yakifukuliwa yalikuwa yamelala, au yameota tumbo katikati. Mteremko mkali una madhara ya kweli kwenye mabomba membamba, yale ya beseni na sinki ya inchi 1½ na inchi 2, kwa sababu maji yakikimbia yamejaza bomba lote huvuta na yale yaliyobaki kwenye trapu, yaani pindo la bomba linalobakiza maji. Hayo yapewe kama sentimita 2 kwa mita, na yawe mafupi.

Trapu na bomba la hewa

Mwaka 1775 Alexander Cumming, mtengeneza saa Mskoti aliyefanya kazi London, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopinda na kubakiza maji chini yake. Hadi leo hatujapata kitu bora kuliko maji yale machache. Ndiyo yanayozuia hewa ya septiki isiingie chumbani. Kila kifaa kiwe na trapu yake: choo, beseni, sinki ya jikoni, na tundu la sakafu la bafuni. Kimo cha maji kwenye trapu ya choo kisipungue milimita 50. Tundu la sakafu la choo cha wageni kisichotumika hukauka, na harufu ikianza watu hulaumu septiki, kumbe pamekosekana kopo moja la maji kila wiki.

Bomba la hewa ndilo linaloachwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa halionekani kufanya kazi yoyote. Kazi yake ni kuingiza hewa nyuma ya maji yanayoshuka ili trapu zisinyonywe, na kutoa gesi za septiki juu ya paa. Liwekeni mwanzo wa njia, upande wa choo cha mbali kabisa, na mdomo wake upite juu ya madirisha yaliyo karibu kwa sentimita 90 au zaidi. Likiishia chini ya madirisha, harufu mtaipata chumbani.

Mdomo wa bomba hilo ufungwe wavu usiooza. Mbu aina ya Culex anazaliana kwenye maji machafu ya mashimo na septiki, na kwenye pwani yetu ndiye mmoja wa waenezaji wa matende. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga chembe nyepesi za polistairini kwenye mashimo ya vyoo zikafunika uso wa maji, na mbu hao wakapungua sana. Wavu wa bomba la hewa na mifuniko iliyokaza ya chemba vinafanya kazi ya namna hiyohiyo kwa gharama ndogo.

Mtaroni

Mtaro uchimbwe ukiwa na mteremko wake tayari, bomba lisije likasawazishwa kwa vipande vya tofali. Bomba lililokalia vipande vya tofali hupinda kati ya kipande na kipande, na hapo ndipo tumbo linapoota. Tandikeni mchanga wa sentimita 10 usio na mawe, lazeni bomba juu yake, kisha mshindilie mchanga ubavuni kabla ya kufukia. Upande wa soketi uelekee maji yanakotoka. Linapopita kwenye ukuta wa msingi, achieni uwazi kama wa sentimita 5 kulizunguka bomba na mlijaze kitu laini. Nyumba mpya hutulia kidogo kidogo, na bomba lililobanwa na zege huvunjika likiwa chini ya sakafu ambako hakuna atakayeliona.

Njia mbili zinapokutana, tumieni kiungo cha Y, si cha T. Kona ya nyuzi 90 igawanywe kwa elbo mbili za nyuzi 45. Kila njia inapogeuka nje ya nyumba pawe na chemba, na sakafu ya chemba ifinyangwe kama mfereji wenye kingo za mteremko. Chemba yenye sakafu bapa ni bwawa la kinyesi. Kwa bomba lenyewe, tafuteni alama ya TBS na mpime unene kwa kulilinganisha dukani. Yapo ya inchi 4 yanayobonyea kwa kidole. Msiyaache juani miezi mingi yakingoja kazi, kwani jua hulifanya bomba la plastiki liwe la kukatika.

Maji ya jikoni yapite kwenye chemba ndogo ya mafuta kabla ya kukutana na ya choo. Mafuta ya kukaangia huganda bombani na kushika kila kitu. Maji ya mvua kutoka paani yasiingie septiki kamwe. Mvua moja ya masika inatosha kuvuruga tope lote lililotulia na kulisukuma hadi kwenye shimo la kunyonya, ambalo likishaziba udongo wake halizibuki. Hapo ndipo watu wanapoanza kutapisha vyoo usiku mvua ikinyesha. Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam na kuenea mikoa mingi. Ugonjwa ule hupita kwenye kinyesi kinachoingia katika maji ya kunywa na chakula, na nyumba inayofungulia shimo lake mtaroni inawapelekea majirani wa bondeni kinyesi hicho.

Kabla ya kufukia

Jaribio ni rahisi, na linarukwa kwa sababu ya haraka. Zibeni bomba upande wa chini, lijazeni maji hadi usawa wa sakafu, wekeni alama, na mliache usiku kucha. Maji yakishuka, mnakagua kila kiungo. Kisha fungueni, na mtumbukize mpira mdogo kidogo kuliko tundu la bomba kutoka upande wa choo. Ukifika chemba bila kusukumwa, njia ni safi. Ukikwama, pimeni umbali kwa waya, mtapata tumbo lilipo.

Pigeni picha kwa simu, futi ikionekana, za kila njia kabla haijafunikwa. Boma litakaa miaka, fundi atakayemalizia huenda si huyu, na atahitaji kujua bomba lilipo kabla ya kuchimba. Midomo yote ifungwe vifuniko vya gundi, si kuzibwa mifuko, maana kokoto na saruji ya plasta vikiingia ndani havitoki.

Ombi langu kwa wenye nyumba mliopo hapa na mko hatua ya msingi: msiruhusu gari la zege wala mchanganyiko wa mkono kumwagwa kabla hamjaona kwa macho yenu maji yamesimama kwenye bomba usiku mzima. Na kwenu mafundi bomba, mkiitwa jamvi limeshamwagwa na levo haitoshi, mwambieni mwenye nyumba ukweli kabla ya kupokea malipo ya awali.