Je, Aliyepigania Nchi Apunguziwe Adhabu?

(Maneno yaliyosemwa kwenye semina ya viongozi wa vikundi)



Mmeniomba niongee juu ya jambo lililotugawa mwezi uliopita. Mwanachama wetu mmoja, mwanajeshi mstaafu, alimvunja mkono jirani yake mjane kwa ajili ya mpaka wa shamba. Wazee wengine wakasema, "Huyu alikuwa Somalia akitulinda. Tumwache." Mama mwenyewe akanyamaza tu.

Kwanza niwape habari ya kweli kutoka Marekani. George Porter aliingia jeshini akiwa na miaka 17. Mwaka 1950 na 1951 alipigana vita vya Korea, huko Kunu-ri na Chipyong-ni, akajeruhiwa mara mbili, akapewa nishani. Aliporudi nyumbani, ndoto mbaya zilimwamsha usiku, akawa anapanda ukuta na kisu mkononi.

Mwaka 1986, katika jimbo la Florida, Porter aliua watu wawili: mwanamke waliyekuwa wameachana, na mwanamume aliyekuwa na huyo mama. Akahukumiwa kifo. Wakili wake hakuchunguza habari za vita, wala hakuzieleza mahakamani. Novemba 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wakili alikosea, kwa maana habari hizo zingeweza kubadilisha adhabu.

Sasa sikilizeni vizuri. Mahakama haikusema Porter hana hatia. Hatia ilibaki palepale. Ilisema wanaopima adhabu wanatakiwa kujua vita vilimfanya nini huyu mtu.

Basi tutenganishe mambo mawili, nishani na jeraha. Nishani ni shukrani ya nchi kwa kazi aliyofanya. Siyo deni ambalo mjane anatakiwa kulipa kwa mkono wake. Mkunga naye ametumikia watu, mwalimu vilevile, na hakuna anayewaruhusu kupiga jirani. Lakini jeraha la akili ni jambo lingine. Kama mtu hapati usingizi, anashtuka mlango ukigongwa, hilo ni lazima lisikilizwe kabla ya kumpimia adhabu.

Hata hapa Kenya, Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kulazimisha hukumu ya kifo kwa kila muuaji ni kinyume cha Katiba, kwa sababu jaji alinyimwa nafasi ya kupima maelezo ya mshtakiwa. Kwa hivyo kusikiliza ni haki. Lakini kusikiliza siyo kufuta kosa.

Mimi naona hivi. Kuvunja mtu mkono siyo kesi ya kumalizwa na wazee chini ya mti. Mama aende polisi, na sisi tumsindikize. Wakati wa palizi tumlimie, maana mkono mmoja haushiki jembe. Halafu wale wanaojua taabu za yule ndugu yetu waende mahakamani waziseme wazi, na tumsaidie kupata matibabu. Tukimwacha bila adhabu na bila dawa, kesho atampiga nani?

Haya, mkirudi kwenye vikundi vyenu, jadilini:

1. Tunaposema "tumwache", nani anabeba mzigo?
2. Katika kijiji chetu, nani amerudi kutoka vitani, na nani amemuuliza analalaje?
3. Je, aliyeumizwa amepewa nafasi ya kusema?